"Hana mzio" na "hajaulizwa": unazitenganishaje kwenye jedwali?

nahodha_jedwali

Wakuu, salaam.

Kuna hifadhidata ya kliniki kwenye PostgreSQL 16 (programu ya hifadhidata inayotumia lugha ya SQL), na jedwali linalonitoa jasho ni hili la mizio ya dawa:

```sql
CREATE TABLE mizio (
  mzio_id    bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  mgonjwa_id bigint REFERENCES wagonjwa,
  dawa_id    int    REFERENCES dawa
);
```

Mstari ukiwepo, mgonjwa ana mzio wa dawa hiyo. Usipokuwepo, skrini inaandika "Hana mzio" kwa rangi ya kijani. Sasa mstari kutokuwepo kuna sababu nne zisizofanana hata kidogo: ameulizwa akasema hana, hakuna aliyemuuliza, ameulizwa lakini hajui (au aliletwa hana fahamu), au alirekodiwa kuwa nao, kipimo kikaukanusha, mtu akafuta mstari. Kwa daktari anayetaka kuandika dawa hizo ni habari nne. Kwenye jedwali ni ukimya mmoja.

Nimefikiria njia tatu:

a) safu `ana_mzio boolean` kwenye `wagonjwa`, NULL (alama ya SQL ya thamani isiyokuwepo) ikimaanisha hajaulizwa;
b) mstari kwa kila mgonjwa na kila dawa, wenye ndiyo au hapana. Wagonjwa 40,000 mara dawa 1,800 ni mistari milioni 72;
c) kuingiza "dawa" ya uongo, `dawa_id = 0`, jina HAKUNA.

Ipi ina nafuu? Na la pili: kwiri (ombi la data) hii inarudisha mistari sifuri, ilhali wapo maelfu wasio na mzio wowote uliorekodiwa.

```sql
SELECT mgonjwa_id FROM wagonjwa
WHERE mgonjwa_id NOT IN (SELECT mgonjwa_id FROM mizio);
```

---

kwiri_kavu

Nianze na la pili, maana ndilo jepesi na ndilo linaloumiza watu kimyakimya.

Safu `mgonjwa_id` kwenye `mizio` haina NOT NULL. Mstari mmoja tu wenye NULL humo unatosha kuua kwiri nzima. `7 NOT IN (3, 5, NULL)` hufunguliwa hivi: `7 <> 3 AND 7 <> 5 AND 7 <> NULL`. Mbili za mwanzo ni kweli, ya tatu jibu lake ni "haijulikani", na kweli AND haijulikani hubaki haijulikani. WHERE hupitisha kilicho kweli tu. Kwa mgonjwa namba 3 jibu ni si kweli, kwa wengine wote ni haijulikani, kwa hiyo hapiti mtu. Seva haitoi kosa wala onyo, kwa sababu kwa kanuni za SQL hakuna kosa lililotokea.

Hakikisha:

```sql
SELECT count(*) FROM mizio WHERE mgonjwa_id IS NULL;
```

Kisha andika hivi:

```sql
SELECT w.mgonjwa_id FROM wagonjwa w
WHERE NOT EXISTS (
  SELECT 1 FROM mizio m WHERE m.mgonjwa_id = w.mgonjwa_id);
```

NOT EXISTS huuliza kama kuna mstari unaolingana au hakuna. Haina jibu la tatu, kwa hiyo NULL haiivurugi. Ukitazama EXPLAIN (amri inayoonyesha seva itaitekelezaje kwiri) utaona tofauti nyingine. NOT EXISTS kwa kawaida hupata `Hash Anti Join`. NOT IN kwenye toleo lako hupata `NOT (hashed SubPlan 1)` iwapo makadirio ya orodha ya ndani yanatosha kwenye kumbukumbu ya `work_mem` mara `hash_mem_multiplier`, ambayo kwa chaguomsingi ni 4MB mara 2. Isipotosha, kwiri ya ndani inapitiwa upya kwa kila mstari wa nje, na hapo kwiri ya sekunde moja inaweza kugeuka ya saa nzima bila wewe kubadilisha herufi hata moja. Data imekua tu.

EXCEPT nayo ni salama, kwani yenyewe huhesabu NULL mbili kuwa sawa. Ila huondoa marudio, na hukupa zile safu ulizolinganisha tu. Ukipenda LEFT JOIN yenye `IS NULL`, pima safu ambayo haiwezi kuwa NULL kwa asili yake, yaani ufunguo wa jedwali la kulia, na sharti lolote la upande wa kulia liweke kwenye ON. Likihamia WHERE, LEFT JOIN yako imeshageuka JOIN ya kawaida.

---

sharti_la_nje

Kwenye swali kubwa: zote tatu hapana, na kila moja kwa sababu yake.

Jedwali lako linaendeshwa na kile mwanasayansi wa kompyuta Raymond Reiter alichokiita mwaka 1978 dhana ya ulimwengu uliofungwa: kisichoandikwa si kweli. Dhana hii ni nzuri sana pale anayeandika ndiye anayeufanya ukweli uwepo. Jedwali la tiketi zilizouzwa, kwa mfano: kama tiketi haimo, haikuuzwa, kwa kuwa kuuza na kuandika ni tendo lilelile. Mzio hauko hivyo. Uko mwilini mwa mtu hata kama hakuna aliyefungua kompyuta.

(a) inarundika mambo kwenye NULL. Hajaulizwa, hajui na amekataa kujibu vyote vinakuwa kitu kimoja, halafu `WHERE NOT ana_mzio` inawaacha wote nje, na kinyume chake `WHERE ana_mzio` nayo inawaacha nje. Edgar Codd mwenyewe, aliyebuni mfumo wa majedwali ya uhusiano, alipendekeza baadaye alama mbili tofauti, moja ya "thamani ipo ila haijulikani" na nyingine ya "haihusiki", lakini SQL imebaki na NULL moja. Usiitwike mizigo mitatu.

(b) si ukubwa tu. Mistari milioni 72 PostgreSQL inaimudu. Tatizo ni siku dawa ya 1,801 inapoingia kwenye orodha. Unaingiza mistari mipya 40,000 yenye "hapana"? Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyeulizwa kuhusu dawa hiyo. Mgonjwa aliposema "sina mzio wa dawa yoyote" alitoa kauli moja ya jumla, na kauli ya jumla ukiikatakata kuwa mistari 1,800 unapoteza kwamba ilitolewa mara moja, na mtu mmoja, tarehe fulani.

(c) inafanya kazi hadi siku mgonjwa atakapokuwa na HAKUNA na penisilini kwa pamoja. Hakuna sharti rahisi la kuzuia hilo. Na ripoti ya mizio inayoongoza itakuja na HAKUNA kileleni. Ni kweli kwamba FHIR, kiwango cha HL7 cha kubadilishana taarifa za afya, huruhusu msimbo 716186003 wa SNOMED CT (orodha ya kimataifa ya istilahi za tiba) wenye maana ya "hakuna mzio unaojulikana" ukae mahali pa msimbo wa dawa. Kwenye ujumbe unaosafiri kati ya mifumo sina ugomvi nayo. Ndani ya majedwali yako tenganisha.

Gawa habari mara mbili: kauli ya jumla kuhusu mgonjwa, na kauli kuhusu mgonjwa na dawa moja.

```sql
CREATE TABLE tamko_mzio (
  mgonjwa_id bigint PRIMARY KEY REFERENCES wagonjwa,
  jibu       text NOT NULL
             CHECK (jibu IN ('HANA','ANAO','HAJUI','AMEKATAA')),
  wakati     timestamptz NOT NULL,
  aliyeuliza int NOT NULL REFERENCES watumishi,
  UNIQUE (mgonjwa_id, jibu)
);

CREATE TABLE mzio_dawa (
  mgonjwa_id bigint NOT NULL REFERENCES wagonjwa,
  dawa_id    int NOT NULL REFERENCES dawa,
  upo        boolean NOT NULL,
  ushahidi   text NOT NULL,
  wakati     timestamptz NOT NULL,
  jibu       text GENERATED ALWAYS AS
             (CASE WHEN upo THEN 'ANAO' END) STORED,
  PRIMARY KEY (mgonjwa_id, dawa_id),
  FOREIGN KEY (mgonjwa_id, jibu)
    REFERENCES tamko_mzio (mgonjwa_id, jibu)
);
```

Hajaulizwa ni yule asiye na mstari kwenye `tamko_mzio`. Hapo kutokuwepo kwa mstari kuna maana moja tu, kwa sababu kuuliza ni tendo la mfumo wenyewe na ulimwengu wake unaweza kufungwa bila hofu.

Angalia ile safu `jibu` ya pili. `upo` ikiwa kweli, inajijaza 'ANAO', na ufunguo wa nje (FOREIGN KEY) unadai tamko la mgonjwa huyo liwe 'ANAO'. Haiwezekani kabisa kuwa na tamko la HANA na mstari wa penisilini kwa wakati mmoja, na haijalishi data imeingia kwa programu, kwa mkono au kwa faili la CSV. `upo` ikiwa si kweli, `jibu` inakuwa NULL na ufunguo wa nje haukaguliwi, ndivyo MATCH SIMPLE, kanuni ya kawaida ya ufunguo wa nje, inavyofanya kazi. Hapa NULL imetumika makusudi.

Na kwa kuwa ufunguo mkuu ni mgonjwa na dawa, huwezi kuwa na ndiyo na hapana ya dawa ileile. Ukitumia majedwali mawili, la mizio na la iliyokanushwa, ulinzi huo unaupoteza.

---

nahodha_jedwali

Nimekuelewa mkuu. Maswali mawili. Moja: mtu akiweka ANAO halafu asiingize dawa yoyote, ufunguo wa nje hausemi kitu. Mbili: aliyesema ana mzio wa penisilini, kuhusu ibuprofeni tunasemaje? Hana, au hatujui?

---

mlango_wazi

La pili ndilo kiini cha jambo lote, na muundo wa sharti_la_nje umeliacha wazi.

ANAO haisemi kama orodha imekwisha. Mgonjwa mmoja ametaja penisilini na akaulizwa "kuna nyingine?" akasema hakuna. Mwingine ametajwa na nduguye kwamba penisilini inamdhuru, basi. Mistari yao inafanana kwa kila herufi, ila kwa wa kwanza ibuprofeni ni "hana kwa kauli yake", kwa wa pili ni "haijulikani". Ongeza safu:

```sql
ALTER TABLE tamko_mzio
  ADD COLUMN orodha_kamili boolean NOT NULL DEFAULT false,
  ADD CHECK (CASE jibu WHEN 'HANA' THEN orodha_kamili
                       WHEN 'ANAO' THEN true
                       ELSE NOT orodha_kamili END);
```

Ukishakuwa nayo utaona kwamba HANA ni orodha kamili yenye dawa sifuri, si kitu cha aina yake. Yaani ulimwengu hufungwi kwa jedwali zima bali kwa mgonjwa mmoja mmoja, pale tu mtu alipouliza mpaka mwisho. Jibu la dawa yoyote kwa mgonjwa yeyote linapatikana hivi:

```sql
SELECT CASE
    WHEN m.upo                THEN 'ANAO'
    WHEN NOT m.upo            THEN 'UMEKANUSHWA'
    WHEN t.orodha_kamili      THEN 'HANA KWA KAULI YAKE'
    WHEN t.mgonjwa_id IS NULL THEN 'HAJAULIZWA'
    ELSE 'HAIJULIKANI'
  END AS hali, t.wakati
FROM wagonjwa w
CROSS JOIN dawa d
LEFT JOIN mzio_dawa m
  ON m.mgonjwa_id = w.mgonjwa_id AND m.dawa_id = d.dawa_id
LEFT JOIN tamko_mzio t ON t.mgonjwa_id = w.mgonjwa_id
WHERE w.mgonjwa_id = $1 AND d.dawa_id = $2;
```

Mpangilio wa WHEN una maana: kauli ya dawa mahususi inatangulia kauli ya jumla. Na usiandike `ELSE 'HANA'` mwishoni kwa kufupisha. ELSE ndiyo inayomeza NULL zote. Chochote utakachokiweka pale ndicho utakachowaambia watu wakati hujui.

Jambo jingine la kuzingatia. Orodha ilifungwa Januari, kisha Mei ukaingia mzio mpya wa sulfa. Programu isiongeze mstari na kuacha `orodha_kamili` ikiwa kweli na tarehe ya Januari. Mzio mpya ni ushahidi kwamba kauli ya Januari haikuwa kamili, au imepitwa. Irudishe kuwa si kweli hadi mgonjwa aulizwe tena. Ndiyo maana pia kwiri hapo juu inarudisha `wakati`: "ndiyo" hudumu mpaka ikanushwe, lakini "hapana" ni ya hadi siku ya kuulizwa tu. Baada ya hapo huenda ametumia dawa ambayo hakuwahi kuigusa. Skrini iandike "Hana, aliulizwa" na tarehe, isiishie kwenye "Hana".

---

kwiri_kavu

Naunga mkono `orodha_kamili`, na niongeze tahadhari kwenye CHECK maana watu huikosea. CHECK na WHERE haziitendei "haijulikani" sawasawa. WHERE huikataa, CHECK huipokea. `CHECK (idadi > 0)` inapitisha NULL bila kinyongo. CHECK ya mlango_wazi iko salama kwa kuwa `jibu` na `orodha_kamili` zote ni NOT NULL. Ondoa NOT NULL moja hapo na sharti lina tundu.

---

sharti_la_nje

Kuhusu ANAO isiyo na mstari: ufunguo wa nje huangalia upande mmoja, kwa hiyo upande wa pili unahitaji triga (fanksheni inayojiendesha data ikibadilika) iliyoahirishwa hadi COMMIT, yaani mwisho wa muamala. Lazima iahirishwe, la sivyo tamko haliwezi kuingia kabla ya mstari wa dawa, na mstari wa dawa hauwezi kuingia kabla ya tamko.

```sql
CREATE FUNCTION hakiki_anao() RETURNS trigger
LANGUAGE plpgsql AS $$
DECLARE m bigint := COALESCE(NEW.mgonjwa_id, OLD.mgonjwa_id);
BEGIN
  PERFORM 1 FROM tamko_mzio
   WHERE mgonjwa_id = m AND jibu = 'ANAO' FOR UPDATE;
  IF FOUND AND NOT EXISTS (
       SELECT 1 FROM mzio_dawa WHERE mgonjwa_id = m AND upo)
  THEN
    RAISE EXCEPTION 'Mgonjwa % ana tamko ANAO bila dawa', m;
  END IF;
  RETURN NULL;
END $$;

CREATE CONSTRAINT TRIGGER anao_1
  AFTER INSERT OR UPDATE ON tamko_mzio
  DEFERRABLE INITIALLY DEFERRED
  FOR EACH ROW EXECUTE FUNCTION hakiki_anao();

CREATE CONSTRAINT TRIGGER anao_2
  AFTER UPDATE OR DELETE ON mzio_dawa
  DEFERRABLE INITIALLY DEFERRED
  FOR EACH ROW EXECUTE FUNCTION hakiki_anao();
```

Ile FOR UPDATE si pambo. Mgonjwa ana mistari miwili. Mtumiaji mmoja anakanusha wa kwanza, mwingine wakati huohuo anakanusha wa pili. Bila kufuli, kila muamala unauona mstari wa mwenzake bado upo, yote miwili inapita, na unabaki na ANAO tupu. Kwa kufuli, wa pili anasubiri, kisha anatazama upya na kukataliwa. Hii ni kwa READ COMMITTED, ambayo ndiyo chaguomsingi la kiwango cha kutenganisha miamala. Kwenye REPEATABLE READ muamala wa pili utaendelea kutumia picha ya zamani hata baada ya kupata kufuli, kwa hiyo huko tumia SERIALIZABLE.

Ufunguo wa nje wenyewe hauna shida hiyo. PostgreSQL huufunga mstari wa tamko inapoukagua, na anayetaka kubadilisha `jibu` lazima asubiri. Ndiyo sababu sharti lolote linaloweza kuelezwa kwa ufunguo wa nje nalieleza kwa ufunguo wa nje, triga nikibakiza kwa masalio.

Utaratibu wa kukanusha mzio wa mwisho ndani ya muamala mmoja: kwanza `UPDATE mzio_dawa SET upo = false` pamoja na ushahidi na wakati mpya, halafu tamko libadilishwe kuwa HANA au HAJUI, kulingana na jibu lake alipoulizwa upya. Ukianza na tamko, ufunguo wa nje utakugomea hapohapo kwa kuwa mstari wa ANAO bado unaliegemea.

---

tone_la_wino

Nyie mmesahau habari ya "ama hii ama ile". Mgonjwa kapewa amoksisilini na ibuprofeni siku moja, katokwa na upele. Hakuna anayejua ni ipi. Mtaandika wapi?

---

mlango_wazi

Swali zuri, na ndilo hasa linalovunja ulimwengu uliofungwa. Ukijua "A au B", wala A haimo wala B haimo, kanuni ya Reiter itakuambia si A na si B, na hapo umejipinga mwenyewe. Mistari ya kawaida ya jedwali haiwezi kubeba AU. Inahitaji jedwali lake.

```sql
CREATE TABLE matukio (
  tukio_id   bigint GENERATED ALWAYS AS IDENTITY PRIMARY KEY,
  mgonjwa_id bigint NOT NULL REFERENCES wagonjwa,
  wakati     timestamptz NOT NULL
);
CREATE TABLE washukiwa (
  tukio_id bigint REFERENCES matukio,
  dawa_id  int REFERENCES dawa,
  PRIMARY KEY (tukio_id, dawa_id)
);
```

Dawa iliyomo kwenye `washukiwa`, na ambayo haijakanushwa kwa mgonjwa huyo, jibu lake ni "INASHUKIWA", na WHEN yake ikae juu ya ile ya `orodha_kamili`. Hapa sasa zile hapana mahususi zinalipa: zinapunguza washukiwa.

```sql
SELECT x.tukio_id, count(s.dawa_id) AS waliobaki
FROM matukio x
LEFT JOIN washukiwa s
  ON s.tukio_id = x.tukio_id
 AND NOT EXISTS (
   SELECT 1 FROM mzio_dawa m
   WHERE m.mgonjwa_id = x.mgonjwa_id
     AND m.dawa_id = s.dawa_id AND NOT m.upo)
GROUP BY x.tukio_id
HAVING count(s.dawa_id) < 2;
```

Likibaki 1, huyo ndiye mtuhumiwa, ila uamuzi wa kumwandika `upo = true` uachie mtaalamu na si triga, kwani huenda dawa ya tatu haikutajwa kabisa. Likibaki 0, data zinapingana: ama kipimo kimoja kimekosea, ama orodha ya washukiwa ilikuwa pungufu. Kumbuka ni `count(s.dawa_id)`, si `count(*)`, hiyo ya pili huhesabu hata mstari mtupu wa LEFT JOIN, na sifuri hutaiona maisha.

---

tone_la_wino

Sawa. Na makundi je? Penisilini ni kundi, amoksisilini ni mwanachama wake. Mkirekodi kwenye kundi, kwiri yenu inayolinganisha `dawa_id` kwa usawa haitamkuta.

---

sharti_la_nje

Kweli haitamkuta. Ndiyo ya kundi hushuka kwa wanachama wote. Hapana ya mwanachama mmoja haipandi kwenye kundi. Kama `dawa` ina safu ya `mzazi_id`, panda kutoka dawa inayoulizwa kwa `WITH RECURSIVE` (kwiri inayojirudia) mpaka kileleni, kisha tafuta `upo` popote njiani.

Zikikutana ndiyo ya kundi na hapana ya mwanachama, mathalani penisilini imerekodiwa kuwa ina mzio na amoksisilini ikakanushwa kwa kipimo, usiandike CASE ya kuchagua mshindi. Rudisha zote mbili na tarehe na `ushahidi` wake. Kanuni ya "iliyo karibu zaidi ndiyo inashinda" inapendeza kwenye haki za mafaili. Kwenye dawa si kazi ya kwiri.

---

nahodha_jedwali

Vipi DELETE? Kwa sasa wahudumu wana kitufe cha kufuta.

---

kwiri_kavu

Kiondoe. Pale ambapo ukimya unasomwa kama "hapana", kufuta mstari ni kutoa kauli, tena kauli isiyo na jina wala tarehe. Kuna kufuta kwa aina mbili. "Ulipimwa, haupo" inakuwa `upo = false` na ushahidi. "Aliyeingiza alikosea mgonjwa" ni kitu kingine kabisa; mstari huo uhamishiwe jedwali la historia pamoja na sababu, maana hausemi lolote kuhusu mgonjwa huyu, si ndiyo wala si hapana. FHIR nayo hutenganisha hizi mbili kwenye `verificationStatus`: `refuted` na `entered-in-error`. Kisha:

```sql
REVOKE DELETE ON mzio_dawa, tamko_mzio FROM programu_kliniki;
```

Uhamisho wa historia ufanywe na fanksheni ya SECURITY DEFINER (inayoendeshwa kwa haki za mmiliki wake) yenye hoja ya sababu isiyokubali NULL. Usisahau kuiwekea `SET search_path`.

---

tone_la_wino

Walio kwenye MySQL?

---

kwiri_kavu

Majedwali yale yatakubali, pamoja na safu inayojijaza, ila badilisha aina za safu kwanza (`text` iwe VARCHAR, `timestamptz` iwe TIMESTAMP) na funguo za nje ziandike kwa FOREIGN KEY. CHECK inatekelezwa kuanzia 8.0.16, kabla ya hapo ilisomwa na kupuuzwa, kwa hiyo usiiamini kwenye seva kuukuu. EXCEPT ipo kuanzia 8.0.31. Triga za kuahirishwa hadi COMMIT hazipo, kwa hiyo ile hakiki ya ANAO tupu iendeshwe kama kwiri ya kila usiku, au tamko na dawa viingie kupitia prosija moja tu. Kwa Oracle ongeza hili: mfuatano mtupu `''` kwenye VARCHAR2 ni NULL, hivyo kulinganisha safu na `''` hakumpati mtu.

---

nahodha_jedwali

Nimeshajenga kwenye seva ya majaribio, yote yanakaa. Kilichobaki ni data za zamani. Wale wasio na mstari kwenye `mizio` niwaingizie tamko gani?

---

sharti_la_nje

Usiwaingizie lolote. Hakuna ushahidi kwamba waliulizwa, kwa hiyo wabaki bila mstari kwenye `tamko_mzio` na skrini iwaite hajaulizwa. Utashawishika kuweka HAJUI ili jedwali lijae. HAJUI ni jibu la mtu aliyeulizwa.

Wenye mistari: tamko ANAO, `orodha_kamili = false`, `wakati` uwe tarehe ya kuhamisha kama tarehe halisi haipo, na `ushahidi` uwe 'rekodi ya zamani'. `aliyeuliza` anadai mtumishi. Tengeneza mmoja wa mfumo kwa kazi hiyo, usibandike jina la mtu. Jedwali la zamani halikuwa na UNIQUE ya mgonjwa na dawa, kwa hiyo hamisha kwa `SELECT DISTINCT` ukiacha nje yenye NULL. Matamko na dawa viingie katika muamala mmoja, matamko yakitangulia.

Ile mistari yenye `mgonjwa_id` NULL usiitupe. Kila mmoja ni mzio wa kweli wa mtu asiyejulikana, na huenda karatasi za zamani zinamtaja. Ihamishie jedwali la pembeni lenye `mzio_id` na `dawa_id`, mtu aipitie. Kwenye `mizio` ya zamani, kama itaendelea kusomwa kwa muda, funga mlango bila kuwasimamisha watu:

```sql
ALTER TABLE mizio ADD CONSTRAINT mgonjwa_yupo
  CHECK (mgonjwa_id IS NOT NULL) NOT VALID;
-- hamisha mistari yenye NULL, kisha:
ALTER TABLE mizio VALIDATE CONSTRAINT mgonjwa_yupo;
ALTER TABLE mizio ALTER COLUMN mgonjwa_id SET NOT NULL;
```

NOT VALID huzuia NULL mpya mara moja bila kukagua za zamani. VALIDATE hukagua kwa kufuli hafifu, watu wakiendelea kusoma na kuandika. Na kwa kuwa sharti limeshathibitishwa, SET NOT NULL ya mwisho hailipitii tena jedwali zima. Hilo lipo tangu toleo la 12.